Pai ya Kuku kwenye Sufuria: Mwongozo Kamili kwa Mpishi wa Dodoma Mwenye Jiko la Mkaa

Pai ya kuku ni mchuzi mzito uliofunikwa kwa ganda la unga wa ngano, kisha ukaokwa mpaka ganda likawa la dhahabu. Anayejua kupika kuku na kusukuma chapati ameshafika nusu ya safari. Kinachowashinda wengi ni ganda, na mara nyingi kosa si la mikono yao. Wamefuata pishi lililoandikwa kwa ajili ya nchi ya baridi, linalotaka siagi iwe ngumu kama jiwe, na wao wako Dodoma mwezi Oktoba saa nane mchana, siagi imeshaanza kutiririka kwenye kopo.

Mwongozo huu ni wa pai moja ya watu watano au sita, ya kupikwa kwenye jiko la mkaa, kwa vitu vinavyopatikana soko la Majengo. Mwenye oveni nimemwekea vipimo vyake mbele.

Ganda lilianza kama chombo

Historia ya pai inasaidia jikoni, ndiyo maana naanza nayo.

Warumi wa kale walikuwa na pishi la paja la nguruwe lililochemshwa na tini, likapakwa asali, likafungwa ndani ya donge la unga na mafuta na kuokwa. Unga ule uliwekwa ili nyama isikauke. Uingereza ya zama za kati iliupeleka mbele mtindo huo: ganda lilifanywa nene na gumu, likasimama lenyewe bila bakuli, nyama ikaivia humo. Baada ya kuoka walimimina siagi iliyoyeyushwa kupitia tundu la juu. Ikiganda, hewa haipiti, na pai inakaa muda mrefu zaidi kabla ya kuharibika. Friji haikuwepo, ganda ndilo lililofanya kazi hiyo. Pai za nguruwe za Melton Mowbray, mji wa katikati ya Uingereza, mpaka leo zina ganda la ukoo huo, linalokandwa kwa maji ya moto na mafuta yaliyoyeyuka.

Bakuli lilipochukua kazi ya kushika mchuzi, ganda la chini halikuwa la lazima tena. Lililobaki juu likawa mfuniko, na mfuniko unaweza kuwa mwembamba na laini.

Hata hivyo pai haikuhitaji oveni kila mara. Mwaka 1796, huko Hartford nchini Marekani, Amelia Simmons alichapisha kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha mapishi kuandikwa na Mmarekani. Humo mna pai inayopikwa chunguni: unga uliosukumwa unatandazwa ndani ya chungu, nyama inapangwa kwa tabaka, unafunikwa kwa unga tena, halafu kinaachwa kitokote taratibu kwa saa mbili na nusu. Wapishi wa Marekani wa enzi hizo walikuwa pia na chungu cha chuma chenye miguu mitatu na mfuniko wenye ukingo, makaa yanakaa chini na juu. Mtu wa pwani anayepika mkate wa kumimina hahitaji kufundishwa hilo. Ni kupalia tu.

Wajerumani waliohamia Pennsylvania walikwenda njia nyingine kabisa: wakakata unga vipande vya mraba na kuvichemsha ndani ya supu ya kuku, bila ganda lolote, na bado wanaita pai. Mwaka 1951 kampuni ya Swanson ilianza kuuza pai za kuku zilizogandishwa, na tangu hapo Wamarekani wengi wanaijua pai hii kama chakula cha kutoa kwenye boksi. Ya boksi haituhusu.

Ganda lipi, mwezi gani

Kuna maganda mawili ya kuchagua.

La kwanza ni la siagi baridi. Siagi inakatwa vipande vidogo, inapikichwa na unga kwa ncha za vidole, yanatiwa maji ya barafu kidogo. Vipande vya siagi ambavyo havijayeyuka ndivyo vinavyofanya ganda limeguke kwa matabaka: vikipata moto, maji yaliyomo ndani yake yanageuka mvuke na kuinua unga. Siagi ikiyeyuka mapema mkononi, inajipaka kwenye unga wote na ganda linatoka zito. Hili ni ganda la Juni na Julai, usiku wa Dodoma unaposhuka mpaka nyuzi 13 hivi, au la alfajiri kwa mwenye friji.

La pili ni la maji ya moto. Mafuta yanayeyushwa pamoja na maji, yanamiminwa kwenye unga yakiwa yanachemka. Joto la jikoni halina cha kuliharibu, kwa kuwa mafuta yameshayeyuka tangu mwanzo. Haliwi la matabaka, linakuwa imara na kavu lenye kuvunjika vizuri chini ya kijiko. Kuanzia Septemba mpaka mvua zishike Desemba, mimi sioni sababu ya mtu kuhangaika na lile la kwanza. Walioligundua hawakuwa na friji, na wengi wetu hatuna.

Mafuta yawe ya kuganda: samli, siagi, au mafuta ya mgando ya kawaida. Samli ndiyo chaguo langu. Dodoma ni mkoa wa wafugaji na samli ya kienyeji hupatikana, yenye harufu ambayo hakuna kopo litakalokupa. Mafuta ya alizeti ya Singida ni mazuri kwa kukaangia, lakini ganda la mafuta ya maji matupu hubomoka hata kabla halijafika mezani. Ukitaka kupunguza gharama, changanya nusu kwa nusu.

Unga wa ngano wa chapati unafaa. Wengine hupenda kuuchanganya na unga wa mtama, na rangi yake inapendeza, ila mtama hauna ule mvuto unaoshikamanisha donge la ngano. Usizidishe sehemu moja ya mtama kwa nne za ngano.

Vitu vya kuandaa

Kwa ujazo:
- kuku wa kienyeji 1, wa kilo 1 hadi 1.3 baada ya kusafishwa
- viazi mviringo 3 vya wastani
- karoti 2
- njegere mbichi zilizomenywa, kikombe 1
- vitunguu maji 2 na kitunguu saumu punje 4
- siagi au samli gramu 60
- unga wa ngano gramu 60
- supu ya kuku mililita 500
- maziwa mililita 200
- pilipili manga, chumvi, majani ya giligilani

Kwa ganda la maji ya moto: unga gramu 250, samli gramu 90, maji mililita 100, chumvi kijiko kidogo 1, na yai 1 la kupaka juu.

Kwa ganda la siagi baridi: unga gramu 250, siagi gramu 125, chumvi nusu kijiko kidogo, maji ya barafu mililita 60 hadi 80.

Vyombo: sufuria nzito ya upana wa sentimita 22 hadi 24, na nyingine kubwa zaidi inayoweza kuimeza pamoja na mfuniko wake bapa. Sufuria zetu zisizo na mikono, zenye ukingo mpana na mfuniko wa bapa, zinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu makaa hukaa juu bila kuporomoka. Tafuta pia mchanga safi uliochekechwa na kukauka, vibakuli viwili.

Hatua ya kwanza: kuku na supu

Mkate kuku vipande vikubwa, mweke kwenye sufuria na maji ya kumfunika, kitunguu kimoja kilichokatwa katikati na chumvi kiasi. Yakichemka toa povu, punguza moto, acha atokote polepole.

Dodoma iko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Jogoo mkongwe atakuchukua saa mbili, wakati mwingine zaidi, na muda ulioandikwa na mpishi wa Dar es Salaam hautakutosha. Tetea mchanga huiva kwa saa moja na robo. Kuku wa kisasa ni dakika 35, lakini supu yake ni nyepesi, na pai inategemea supu kuliko inavyotegemea nyama. Kwa hiyo kama kuna mahali pa kutumia hela katika pishi hili, ni kwenye kuku wa kienyeji. Watu wa Singida wanaelewa ninachosema.

Nyama ikianza kuachia mfupa, mtoe apoe, chambua nyama kwa vidole katika vipande vya ukubwa wa kuuma mara moja. Usiichambue nyuzi nyuzi, itapotelea kwenye mchuzi. Chuja supu. Ikizidi mililita 500 iache ichemke wazi ipungue, ladha ijikusanye.

Viazi vikate vipande vya sentimita moja na nusu, uvichemshe ndani ya supu hiyohiyo mpaka viive kwa shida kidogo. Vitoe. Vitamalizikia ndani ya pai.

Hatua ya pili: mchuzi mzito

Yeyusha siagi kwenye sufuria utakayookea. Kaanga kitunguu cha pili kilichokatwa vidogo mpaka kilainike bila kubadilika rangi, weka kitunguu saumu na karoti, geuza dakika tano. Nyunyiza unga gramu 60 na uendelee kugeuza kwa dakika mbili, ili ubichi wa unga uondoke. Ukiona umeanza kuwa wa kahawia, moto ni mkali.

Sasa mimina supu ya moto kidogo kidogo huku unakoroga kwa nguvu. Ukiimwaga yote kwa mara moja utapata mabonge na utayafukuza kwa mwiko mpaka uchoke. Supu ikishaingia yote ongeza maziwa, acha yatokote dakika tano. Chovya mwiko, utoe, pitisha kidole mgongoni mwake: njia ya kidole ikibaki wazi bila kuzibika, mchuzi umefika. Kama unazibika, endelea kuuchemsha. Mchuzi mwepesi utalilowesha ganda kwa chini na hakuna moto utakaolikausha.

Rudisha kuku na viazi, weka njegere, pilipili manga kwa ukarimu, chumvi, giligilani iliyokatwa. Onja. Hapa ndipo mahali pa mwisho pa kurekebisha, baada ya hapo kuna mfuniko.

Nyanya usiweke. Najua mkono unaenda wenyewe, lakini nyanya na maziwa hugombana, maziwa yanaweza kukatika, na hata yasipokatika unachopata ni rosti ya kuku yenye kofia. Binzari nayo iache kwa siku nyingine.

Ipua na uache upoe kabisa, saa moja au zaidi. Ukiweka ganda juu ya mchuzi wa moto, mafuta yake yanaanza kuyeyuka kabla moto wa juu haujalishika, nalo linazama. Ukitaka upoe haraka, mimina kwenye sinia pana na ufunike kwa kitambaa chepesi, maana upepo wa Dodoma haukosi vumbi. Ila usiuache nje zaidi ya saa mbili.

Hatua ya tatu: ganda

La maji ya moto: tia chumvi kwenye unga, fanya shimo katikati. Chemsha maji na samli kwa pamoja mpaka yatokote, mimina shimoni, koroga kwa mwiko. Likipoa kiasi cha kushikika, kanda dakika moja au mbili tu, mpaka liwe laini na linalong'aa kidogo. Sukuma likiwa bado na joto la mkono. Likipoa kabisa linakakamaa na kupasuka kingo, kwa hiyo lianze mchuzi ukiwa umeshapoa na mkaa umeshawaka.

La siagi baridi: pikicha siagi na unga mpaka ubaki na vipunje vya ukubwa wa choroko, nyunyiza maji ya barafu, kusanya donge bila kulikanda. Mkono wa chapati unapenda kukanda. Hapa jizuie, kukanda kunalifanya livute na kuwa gumu. Lifunge, liache mahali pa baridi nusu saa.

Hewa ya Dodoma ni kavu muda mwingi wa mwaka, na donge lililoachwa wazi dakika kumi tu huota ngozi juu. Lifunike kwa kitambaa chenye unyevu, si kwa kikavu.

Sukuma kwenye kibao cha chapati kwa unene wa milimita tano, upana ukizidi kidogo ule wa sufuria. Laza juu ya mchuzi, bana kingo kwenye kuta za sufuria kwa kidole gumba, piga tundu la upana wa kidole katikati na chale mbili tatu pembeni. Matundu haya ni njia ya mvuke, ukiyasahau mvuke utajitafutia njia yake pembeni na mchuzi utafuata. Paka yai lililopigwa.

Hatua ya nne: kuoka kwa mkaa

Washa mkaa wa kutosha majiko mawili, uwake mpaka uwe na majivu meupe juu. Fanyia kazi hii nje au mahali penye mlango na madirisha wazi, moshi wa mkaa usioonekana ndio unaoua.

Tandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa kwa unene wa vidole viwili, funika, weka jikoni dakika 15 upate moto. Kisha nyunyiza unga kidogo kwenye kipande cha bati, ukiweke juu ya mchanga na kufunika. Ukigeuka rangi ya hudhurungi kwa dakika mbili tatu, joto linafaa. Ukiwa mweusi, toa mkaa kiasi. Ukibaki mweupe, subiri.

Ingiza sufuria ya pai, funika ile kubwa. Mkaa ugawe hivi: theluthi moja ubaki chini, theluthi mbili zipande juu ya mfuniko, ukiupanga zaidi pembezoni kuliko katikati. Chini hapahitaji moto mkali kwa sababu mchuzi umeshaiva, kinachookwa ni ganda. Wanaolalamika kwamba pai iliungua chini na kubaki mbichi juu huwa wameugawa mkaa kinyume.

Baada ya dakika 25, inua mfuniko kwa koleo bila kumwaga majivu, angalia. Ganda litakuwa limeshika lakini bado limepauka, na chini ya mfuniko kutakuwa na matone ya maji. Futa matone, rudisha mfuniko na uweke vipande viwili vya kokoto ukingoni ili ubaki wazi kidogo. Mvuke ukipata pa kutokea, ganda linakauka. Bila mwanya huo utakula pai yenye mfuniko wa mkate uliochemshwa. Ongeza makaa mapya juu, endelea dakika 15 hadi 25 nyingine, mpaka ganda liwe la dhahabu na mchuzi uonekane ukibubujika kwenye tundu la katikati. Usiitoe kabla ya kuona kububujika, hata rangi ikiwa imeshapendeza.

Kwa oveni ni rahisi: nyuzi 200, dakika 35 hadi 40, rafu ya katikati, na sinia chini yake kudaka kitakachomwagika.

Iache itulie dakika 15 kabla ya kuikata. Mchuzi unaotoka motoni ni mwepesi, unajikaza ukitulia. Pakua kwa kijiko kikubwa, kila sahani ipate kipande cha ganda, na ugombanisho wa kingo zilizokauka muuamue wenyewe. Kachumbari yenye ndimu pembeni inatosha. Wali hauhitajiki, ingawa nimeona watu wakiula nao na sikuwazuia.

Mbuzi na zabibu kavu

Pai za Waingereza wa zama za kati zilichanganya nyama na matunda makavu bila aibu yoyote, na kama kuna mahali Tanzania penye haki ya kufufua mtindo huo ni hapa, mkoa ambao zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka kutoka Hombolo mpaka Mpunguzi.

Chukua nyama ya mbuzi isiyo na mfupa kilo moja, ikate vipande vidogo, uikaange kwa samli mpaka ishike rangi. Weka vitunguu vitatu, tangawizi iliyotwangwa, mdalasini kijiti kimoja, pilipili manga, na maji ya kuifunika. Tokosa saa moja na nusu mpaka ilainike. Badala ya kukaanga unga mwanzoni, koroga vijiko vikubwa vitatu vya unga kwenye maji ya baridi na umimine mwishoni, uchemke dakika tano. Maziwa hapana. Kisha tupia konzi ya zabibu kavu na kamulia nusu ndimu, ili utamu usipande kichwani. Ganda liwe la maji ya moto, la siagi ni laini mno kwa nyama hii. Sitaki kusema ni bora kuliko ya kuku, lakini kwa futari au chakula cha Jumapili ndiyo ninayoipendekeza.

Asiye na nguvu za kukanda anaweza kufunika mchuzi wowote kati ya hii miwili kwa viazi mviringo vilivyopondwa na siagi, unene wa vidole viwili, akachora mistari kwa uma ili vilele vipate rangi. Waingereza hufanya hivyo kwa nyama ya kusaga.

Ikibaki

Ikipoa, ihifadhi kwenye friji, itadumu siku mbili hadi tatu. Usiku wa baridi wa Julai usikudanganye ukaiacha mezani mpaka asubuhi. Kuipasha, tenganisha: inua ganda kwa kisu, lipashe kavu kwenye kikaango juu ya moto mdogo huku unaligeuza, na mchuzi uchemke kwenye sufuria na maziwa kidogo mpaka ububujike. Ganda lililovunjika vipande vipande lipashe hivyohivyo, watoto watalila na chai kabla mchuzi haujapata moto.